Mchungaji kamaliza dozi, sasa mbona bado tunachanga? Kansa na kalenda yake kwa lugha ya kanisani

Jumapili iliyopita tumetoka ibada ya kwanza, watu wako nje wanasubiri mnada uanze, dada mmoja wa kwaya kuu akanivuta pembeni. Kaka, hivi Mchungaji si alimaliza dozi Novemba? Sasa hizi bahasha za matibabu za nini tena? Sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa kasimama na jogoo wake wa mnada akadakia, mi kinachonishangaza ni nywele, kansa gani hii haijanyonyoa hata unywele mmoja.

Hawakuuliza kwa ubaya. Huyo dada ndo alikuwa anafua mashuka ya Mchungaji mwezi wa sita, maji ya Iringa yakiwa kama yametoka kwenye friji, na huyo mzee ameshatoa majogoo manne kwa ajili ya matibabu. Ila nikaona kitu. Tumechanga, tumefunga, tumepika, tumekesha, karibu mwaka mzima, na hakuna aliyekaa akatueleza ni nini hasa kinaendelea ndani ya mwili wa mtu tunayemsaidia, na mtu asipoelezwa anajijazia mwenyewe. Kwa hiyo nimewaomba ruhusa Mchungaji na Mama Mchungaji, wakasema andika tu ila usitaje jina wala usharika. Inatosha kujua tuko KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mkoa wa Iringa. Mi sio daktari, nilikuwa kwenye kamati ya watu watano ya kuuguza, nimemsindikiza Dar mara tatu na manesi nimewasumbua kwa maswali mpaka wakanizoea.

Tuanze na jina. Kansa na saratani ni kitu kimoja. Nasema kwa sababu kuna watu wanaamini saratani ni ile mbaya ya kuua na kansa ni ile ndogo, hapana, ni majina mawili ya ugonjwa mmoja.

Mwili umejengwa na seli, vitu vidogo mno huvioni kwa macho, zinazaliwa, zinafanya kazi, zinakufa, zingine zinashika nafasi. Fikiria kwaya. Kila mtu anajua aingie wapi na anyamaze wapi, mwalimu akishusha mkono wote kimya. Seli ya kansa ni yule muimbaji ambaye mkono umeshushwa na yeye anaendelea, tena anavuta wengine wa sauti yake, wanaongezeka, wanajaza benchi, wanakula chakula cha kwaya nzima mpaka sauti zingine zinapotea. Hajaja kutoka nje. Ni muimbaji wetu wenyewe aliyeharibika, ndo maana kansa huwezi kuipata kwa kushikana mkono na mgonjwa au kunywea kikombe chake. (Kuna virusi na bakteria wanaoweza kuchangia kansa fulani, kama homa ya ini B na kansa ya ini, lakini hapo kinachoambukiza ni kirusi, kansa yenyewe haihami kwa mtu.)

Sasa kusambaa. Hapa wana KKKT mtanielewa haraka kuliko wengine. Usharika ukikua unafungua mtaa. Mtaa unaweza kuwa kilomita 20 huko, una jengo lake na mwinjilisti wake, lakini ukiuliza ni wa usharika gani jibu ni moja. Kansa ya Mchungaji ilianzia kwenye utumbo mpana. Kama ingefungua mtaa kwenye ini, bado ingekuwa kansa ya utumbo iliyoko kwenye ini na dawa zake zingekuwa zilezile za utumbo. Nimeshasikia watu kwenye msiba wakisema walianza wanamtibu utumbo mara wakageuka ini, wale madaktari walikuwa wanabahatisha. Hawakuwa wanabahatisha, ni mtaa wa usharika uleule.

Zile namba za hatua nazo ndo hizo hizo. Ya kwanza, kansa bado iko ndani ya ukuta wa utumbo. Ya pili imepenya ukuta. Ya tatu imefika kwenye tezi za jirani. Ya nne imefungua mitaa mbali, kwenye ini au mapafu. Ya kwake ilikuwa ya tatu. Namba inamsaidia daktari kupanga atumie nini, haihesabu siku zako za kuishi, ingawa siku tangazo lilipotolewa kanisani kuna watu walilia kama wako makaburini.

Na ilijulikanaje? Kwa kuchelewa, lazima niseme. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa anaona damu akienda choo. Zahanati moja wakamwambia bawasiri, hawakumpima, wakampa dawa ya kupaka na vidonge, damu ikakata, ikarudi, ikakata, ikarudi. Na yeye mwenyewe aliona aibu, mchungaji atamwambia nani habari za huko? Bawasiri ipo na ni ya kawaida, na mara nyingi damu ya choo kweli ni bawasiri, tatizo ni kwamba kwa kukisia huwezi kujua. Damu, choo kubadilika wiki kadhaa bila sababu, kupungua uzito, kuishiwa damu, hasa ukiwa umepita miaka 45, omba kipimo cha kamera ya utumbo, kinaitwa kolonoskopi. Kansa hii mara nyingi inaanza kama kinyama kidogo ambacho kinaweza kukaa miaka 10 hivi kabla hakijageuka, kikikutwa mapema kinakatwa na kamera ileile na hadithi inaishia hapo. Wazee wetu watano wameshaenda kupima baada ya habari ya Mchungaji, mmoja katolewa vinyama viwili. Huyo sasa hivi ndo mhubiri mkubwa wa kolonoskopi kuliko daktari yeyote, ukikaa naye dakika mbili ameshakuuliza choo chako.

Matibabu ya kansa kwa ujumla ni kukata, kupiga mionzi na dawa, wakati mwingine vyote, wakati mwingine kimoja. Mionzi Mchungaji hakupigwa, ila kwa kuwa swali linakuja kila siku nijibu tu, mtu aliyepigwa mionzi ya mashine haondoki nayo mwilini, ni kama picha ya eksirei, mashine ikizimwa imeisha, mkumbatie na mpe mjukuu ampakate. Yeye alifanyiwa upasuaji mwezi wa tatu, kipande cha utumbo na tezi zake vikatolewa, vijana wetu walitoa damu kabla (mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke 4, wengine waligundua siku hiyo), halafu Mei akaanza dawa.

Hapo ndo swali la kwanza la watu lilipoanzia. Si wameshaitoa? Dawa za nini? Ndugu zangu wakulima, umepalilia shamba, majani yote unayoyaona umeng'oa. Mbegu zilizoko chini umeziona? Hizo dawa ni za mbegu.

Dawa hizo watu wanaziita kemo, au dripu, au kuchomwa dawa. Zinavyofanya kazi ni kama mgambo wakivamia sokoni. Mgambo haulizi nani ana leseni, anayekimbia ndo anakamatwa. Kemo inawinda seli yoyote inayogawanyika haraka, na kansa inagawanyika haraka kwa hiyo inakamatwa sana, lakini kwenye mwili kuna watu wema nao wanakimbia, seli za nywele, za mdomoni, za utumbo na za uroto wa mifupa ambako damu inatengenezwa. Wanakamatwa nao. Kichefuchefu, vidonda vya mdomo, kuishiwa damu, vyote vinatoka hapo.

Ila kuna mgambo wa aina nyingi, na hapa ndo jibu la mzee wa jogoo. Dawa za kansa ziko nyingi sana na kila moja ina tabia yake. Zingine zinanyoa kichwa chote ndani ya wiki tatu. Mchungaji alipewa mbili, oksaliplatini ya dripu, inaingia kama saa 2 siku ya kwanza, na kapesitabini ya vidonge, asubuhi na jioni baada ya kula kwa siku 14, halafu siku 7 anapumzika. Siku 21 zimeisha, dozi moja hiyo, unaanza upya. Alipangiwa 8. Hizi mbili kwa kawaida haziondoi nywele zote, zinapunguza tu. Zenyewe zinakwenda kwenye viganja na nyayo, ngozi inakuwa nyeusi, inachubuka, na vidole vinakufa ganzi. Mzee wangu, ungemuomba akufunulie viganja vyake mwezi wa nane usingeuliza habari ya nywele.

Na baridi. Hii ya baridi niieleze vizuri kwa sababu nilikuwepo. Oksaliplatini ina kituko chake, siku kadhaa baada ya dripu mgonjwa hawezi kushika wala kunywa kitu cha baridi. Tuliambiwa, nikaitikia, sikuielewa. Dozi ya tatu tunarudi Iringa, dripu ilikuwa jana yake, tuko kwenye basi, kiyoyozi kinapuliza, mi naona raha. Karibu na Mikumi kondakta akapita anagawa soda zimetoka kwenye boksi la barafu. Mchungaji kwa mazoea akanyoosha mkono akaishika chupa, na palepale akaiachia kama kashika waya wa umeme, ikaangukia miguuni kwangu. Nikamuona amekunja vidole, hasemi kitu. Baadaye akaniambia ilikuwa kama sindano mia zimeingia kwa wakati mmoja. Nikavua koti nikamfunika mikono, kondakta akapunguza kiyoyozi, abiria wa nyuma wakalalamika joto. Sasa fikiria huyo mtu anashuka Iringa mwezi wa sita, saa tatu usiku, na pale kwenye nyumba ya mchungaji wakina mama wamemwandalia kwa upendo kabisa juisi ya parachichi kutoka kwenye friji. Wiki iliyofuata mama mmoja akamfumia glovu za sufu, na chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu ikawa haitoki mezani. Glovu na maji ya moto, basi, havikuzidi elfu ishirini, na nadhani ndo msaada uliomgusa kuliko kitu chochote tulichofanya.

Sasa nije kwenye kitu ambacho tulikikosea zaidi, kalenda.

Siku 21 za dozi moja hazifanani. Wiki ya kwanza mgonjwa ana kichefuchefu, amechoka, baridi inamuuma, anataka kimya. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, zinashuka chini kabisa, na hii ndo wiki ya hatari ingawa kwa macho anaonekana ana nafuu, anakaa sebuleni, anacheka. Wiki ya tatu askari wanarudi, hamu ya kula inarudi, anaweza hata kuhubiri.

Sisi huruma yetu ilikuwa na kalenda yake, na ilikuwa kinyume kabisa na hii. Akirudi tu Dar tunajaa siku hiyohiyo kumpa pole, yeye hata kukaa hawezi. Wiki ya pili tunasikia "ana nafuu", jumuiya tatu zinakuja kwa mpigo na watoto wenye makamasi, tunaimba, tunamshika mikono mmoja mmoja. Wiki ya tatu, wakati ana nguvu ya kuongea na kula na watu, tumeshamaliza zamu zetu, mezani yuko peke yake na mkewe.

Dozi ya pili ikatufundisha. Siku ya 10 usiku akawa na joto 38.4. Mama Mchungaji alikuwa ameshatoa Panadol kwenye pakiti, akasema ngoja nimpigie nesi kwanza. Nesi akasema usimpe kitu, mleteni hospitali sasa hivi, sio asubuhi. Kwa mtu mwingine homa ni homa, kwa mtu aliye kwenye kemo joto la 38 kwenda juu ni dharura, kwa sababu askari hawapo na bakteria mdogo tu anaweza kumuua ndani ya siku mbili, na Panadol inashusha joto tu, inaficha. Alilazwa siku nne kwa antibayotiki za kwenye mshipa. Akapona. Ila kamati tulikaa usiku ule kwenye benchi la nje pale hospitali na tukakubaliana lazima tuongee na usharika.

Na hapo kukawa na ugumu, maana unamwambiaje Mkristo asiende kumuona mchungaji wake? Kuna waliosema tunamficha. Kuna waliosema tumekosa imani, kwamba Neno limesema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee. Aliyetutoa pale ni mzee wa kanisa mmoja, fundi seremala, hana maneno mengi. Alisimama akasema, mikono ya Musa ilipochoka waliopanda kilimani kuitegemeza walikuwa wawili, Haruni na Huri. Israeli nzima haikupanda, ilikuwa bondeni inafanya kazi yake. Akakaa.

Kuanzia hapo ubao wa matangazo ukawa na kalenda ya rangi. Wiki nyekundu, ya pili, mlangoni panawekwa ndoo ya maji na sabuni, wanaingia wazee wawili tu wasio na mafua, wanaomba, wanatoka. Wengine wote mnaomba mlipo. Wiki ya kijani, ya tatu, njooni, jumuiya moja kwa siku, kwaya, watoto, leteni hadithi. Wiki ya kwanza chakula kinafika mlangoni na aliyeleta anageuza, kamwene, kamwene (salamu ya Kihehe), basi. Wiki nyekundu vilevile hakuna kachumbari wala matunda ya kula na maganda yasiyooshwa, vitu vipikwe viive. Kikombe cha Meza ya Bwana, wiki hiyo anapewa kikombe chake kidogo, na haikuwa kashfa kama tulivyoogopa.

Kufunga pia. Kuna waliotaka Mchungaji afunge siku tatu avunje nguvu za ugonjwa. Mtu anayepoteza kilo mbili kwa dozi! Mgonjwa wa kansa akikonda sana dawa inapunguzwa au inasimama, kwa hiyo kila kijiko cha uji ni sehemu ya tiba. Mkuu wa jimbo alilimaliza kwa sentensi moja, fungeni nyie, yeye ale.

Na wale waliofua na kusafisha. Siku mbili tatu baada ya dripu, dawa inatoka mwilini kupitia mkojo, matapishi na jasho. Hiyo ni dawa kali, kwa hiyo anayefua mashuka yenye matapishi avae glovu, choo kimwagwe maji mara mbili na kifunikwe, mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa. Hatukulijua hili kwenye dozi za mwanzo, na dada wa kwaya niliyemtaja pale juu alifua kwa mikono mitupu. Nimemuomba msamaha.

Nakuja kwenye hela, maana ndo swali lilipoanzia.

Sisi tunajua kuchangia msiba na harusi. Hela inatoka mara moja, nyingi, kwa moto, halafu imeisha. Kansa haiko hivyo, kansa ni ada ya shule, kila muhula inadai. Mnada wa kwanza jogoo mmoja alifika 120,000, mtu ananunua anamrudisha anauzwa tena, watu wanashangilia. Mwezi wa tisa dozi ya sita bahasha zilitoka na hela ambayo haifiki nauli. Watu hawakuchoka kumpenda, walidhani ilishalipwa.

Bima inalipa sehemu kubwa, tushukuru. Lakini bima hailipi nauli ya watu wawili Iringa hadi Dar na kurudi, karibu kilomita 500 kila upande, mara 8. Hailipi chakula cha msindikizaji. Malazi tulibahatika, ana ndugu Kigamboni, ukivuka pantoni ukashuka Magogoni, Ocean Road, hospitali ya kansa anakotibiwa, sio mbali. Na kila kabla ya dripu wanapima damu kwanza, askari wakiwa wachache unarudishwa usubiri wiki. Dozi ya tano iliahirishwa hivyo, tukakaa Dar siku nane badala ya mbili. Huku nyumbani ikavuma kwamba dawa imegoma, na maneno mengine ya chini chini kwamba hela imeliwa. Kuahirishwa ni kawaida, ni namna ya daktari kumlinda, kwa hiyo kwenye bajeti yoyote ya kansa weka wiki mbili tatu za ziada tangu mwanzo.

Tulichofanya ni hivi. Usharika una jumuiya 11. Dozi ni 8. Kila jumuiya ikapewa dozi moja kuibeba, nauli, chakula, msindikizaji, mpaka chupa ya chai, inajua tarehe yake miezi kabla. Zilizobaki 3 zikapewa vipimo vya baadaye. Hesabu zinashikwa na watu watatu, mhazini, mzee wa kanisa na mama mmoja mwalimu, na Mama Mchungaji hahusiki kabisa, asije akasimama mbele za watu kueleza nyanya kanunua bei gani. Na majibu ya hospitali hayaendi kwenye gurupu. Kuna mtu aliposti picha ya ripoti ya maabara kwa nia njema tu, watu 200 wakaisoma kabla watoto wake. Tangu 2022 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, hata kama mtu huyo ni mchungaji wa kila mtu.

Kazi za usharika alizibeba mwinjilisti pamoja na mchungaji mstaafu. Simu ndo hazikukoma. Niko naye dripu inashuka, simu inaita, mtu anamwambia Baba Mchungaji, nisaidie, nimegombana na shemeji kuhusu mbuzi. Na alisikiliza mpaka mwisho! Dozi iliyofuata simu yake ilibaki Iringa kwa Mama Mchungaji.

Kuna maneno mengine yalizunguka, niyapitie haraka. Kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Hii imetokana na watu kufika wamechelewa, wanafunguliwa inakutwa imeshajaa, wanafariki, kisu kinapewa lawama. Kwamba sukari inalisha kansa, basi wakamnyima chai ya sukari. Hata ugali unageuka sukari mwilini, hakuna namna ya kuinyima kansa bila kumnyima mwenye mwili, na huyo alikuwa anahitaji kila kalori. Kwamba majani ya mstafeli yanaua seli za kansa. Kwenye kisahani cha maabara yanaua, hata jiki ukiimwaga kwenye kisahani inaua, swali ni kama yanamponya mtu na hilo halijathibitishwa, na yakichanganyika na kemo ini na figo vinaweza kulemewa. Aliyeleta gunia la majani hakufukuzwa, tulimwambia tumuulize daktari kwanza, daktari akakataa, yakaisha.

Hapa sisi Walutheri tuwe wapole lakini tukumbuke 2011. Kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mizizi iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kilitolewa na mchungaji mstaafu wa kanisa letu hilihili, shilingi 500, na foleni ya magari kwenda Samunge ilikuwa ya kilomita na kilomita. Watu waliacha dawa. Mi nilimpeleka shangazi yangu. Sitasema zaidi.

La mwisho ni Ocean Road yenyewe. Ukitaja tu jina, watu wanashika kichwa, wanasema huko haturudi. Ni jengo la Wajerumani la miaka ya 1890, tangu 1996 ni taasisi inayojitegemea ya saratani, na sifa ya kutorudi imeipata kwa sababu wengi wanafika hatua ya tatu na ya nne. Siku hizi pia Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi wanatibu kansa, hospitali zenye mizizi ya kanisa zote mbili, kwa hiyo anayesema hospitali na imani vinagombana aende akasome kibao cha getini. Hata neno tiba shufaa lisikutishe, ni timu ya kutuliza maumivu na kichefuchefu, Mchungaji walimsaidia vidole vyake wakati anaendelea na dozi kama kawaida, haina maana kwamba wamemkatia tamaa.

Sasa, amepona?

Hili ndo linalonisumbua kuliko yote. Jumapili ya kwanza alivyorudi baada ya dozi ya nane, kanisa lilisimama, vigelegele, mtu akapaza sauti, toa ushuhuda Baba, sema umepona! Akashika kipaza sauti akiwa na glovu, akasema, picha zangu hazionyeshi kansa kwa sasa, namshukuru Mungu kwa sasa hiyo. Wengine waliona imani imepungua. Mi niliyekuwa kwenye chumba cha daktari nilijua amenukuu alichoambiwa, neno kwa neno. Mbegu isiyoonekana inaweza kuota baadaye, na ikitaka kurudi mara nyingi inarudi ndani ya miaka ya mwanzo, kwa hiyo kwa miaka 5 anapimwa damu, anapigwa siti skani, anaingizwa kamera kwa ratiba. Ukimlazimisha mtu atangaze amepona, siku kipimo kikija vibaya atakuficha, kwa sababu utakuwa umemfanya ajione kaliaibisha kanisa.

Kwa hiyo dada yangu, bahasha ni za hizo jumuiya tatu za mwisho. Kolonoskopi ya mwaka mmoja ni mwezi wa tatu, Jumatano. Nauli ya watu wawili imeshatengwa, iko kwa mhazini. Kilichobaki ni nani anaenda naye, maana mi mwezi huo nina mitihani ya wanafunzi wangu, na atakayeenda achague siti ambayo kiyoyozi hakimpulizi, vidole bado vina ganzi.